Picha za Katikati

Mtaa mzima ulimwita Orijino, na jina hilo alijipa mwenyewe kwa mdomo wake. Kila aliyeingia kwenye duka lake la kusafisha picha na video alisomewa hotuba ile ile: hapa hatubandiki, hatuchori, hatupunguzi, hapa unapata kitu orijino. Hotuba hiyo ilimlenga mtu mmoja tu, mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, ambaye siku moja aliombwa amtie marehemu babu kwenye picha ya harusi, akamtia bila shingo. Orijino aliicheka picha ile mwaka mzima. Aliisimulia kwa kinyozi, akaisimulia kwa muuza magazeti, akaisimulia hata msibani, mpaka mwenzake akawa anainamisha kichwa akikutana na watu. Alikuwa fundi kweli, hilo tusimnyime. Ila alikuwa amevimba kichwa, na kichwa hicho ndicho kilichomponza mke wa mtu.

Siku moja aliingia muuza vigae, mwenye duka kubwa la kona aliloachiwa na marehemu baba yake yeye pamoja na mdogo wake. Mkononi alikuwa na flashi.

"Fundi, video ya harusi yangu, ile ya miaka mitatu nyuma, inadunda," alisema. "Nimenunua tivii pana kama mlango, nimewaita watu waje kuangalia, kamera ikigeuka tu watu wanarukaruka utadhani wamepanda trekta. Mke wangu anashuka jukwaani kama mwenye kwikwi ya mwili mzima. Shangazi amecheka mpaka katoka nje."

Orijino aliuliza tivii ni ya aina gani, akaichungulia ile video, akaujua ugonjwa. Kamera ya harusi ilichukua picha ishirini na tano kila sekunde. Kioo cha ile tivii kilikuwa kinajichora upya mara sitini kila sekunde. Sitini haigawanyiki kwa ishirini na tano bila kubaki kitu, kwa hiyo picha moja inakaa kiooni zamu mbili, nyingine zamu tatu, na jicho la mtu linaona mwendo unachechemea. Dawa yake ilikuwa ndani ya rimoti: kuiambia tivii ijichore mara hamsini, kila picha ipate zamu mbili sawasawa, basi, watu wanywe chai.

Lakini mtu anasifiwa vipi kwa kubonyeza rimoti? Orijino alitaka mteja aondoke anamtaja njia nzima. Akaiwasha programu yake mpya, ile inayochungulia picha hii na inayofuata, ikakisia kilichopita katikati, ikakichora. Ilichora maelfu. Mteja aliporudi, bibi harusi alishuka jukwaani kwa mwendo laini kama mafuta, na muuza vigae akapiga makofi peke yake dukani.

"Umefanyaje, fundi?"

"Nimeisafisha tu, bosi. Orijino."

Video mpya ikaingia kwenye flashi mahali pa ile ya zamani. Ya zamani ilibaki ndani ya kompyuta ya dukani, maana Orijino hakuwa mtu wa kutupa kitu.

Haikupita wiki, muuza vigae akarudi. Safari hii hakusalimia. Dukani alikuwepo mama mmoja aliyekuwa akisubiri picha za pasipoti, na kwa bahati mbaya alikuwepo pia yule mpiga picha wa ng'ambo, ambaye shida ilimleta kuazima waya. Muuza vigae akaichomeka flashi mwenyewe, akaipeleka video mpaka bibi harusi anaposhuka jukwaani, akaisimamisha. Akairudisha nyuma kidogo, akaisogeza mbele kidogo.

"Nilisimamisha nipokee simu," alisema. "Nikakuta hiki."

Kwenye kioo, mdogo wake muuza vigae alikuwa ameweka midomo shingoni mwa bibi harusi, na mkono wake umemshika kiuno. Mama wa pasipoti aliguna, kisha akajitia kuangalia dari.

Orijino alijua pale pale. Hata bila kuifungua ile ya zamani alijua. Shemeji alikuwa ameinama ashike pindo la gauni lisikanyagwe. Picha moja yuko kushoto kwa bibi harusi, picha inayofuata kamera imegeuzwa ghafla, yeye ameshavuka kulia, na kati ya hizo mbili hapakuwa na chochote ila kasi ya kamera. Kompyuta iliambiwa ijaze, ikajaza. Ilichukua midomo ya huyu na shingo ya yule, ikauchukua mkono uliokuwa ukifuata pindo, ikauacha kiunoni.

"Fundi," muuza vigae aliuliza taratibu, "hii umeichora wewe?"

Neno moja tu lilihitajika. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini mpiga picha wa ng'ambo alikuwa ameegemea mlango na waya wake mkononi, ametega masikio, na Orijino akauona mwaka mzima wa kicheko ukivuka barabara kumfuata.

"Bosi, unanijua," alisema. "Hapa hatuchori."

"Sawa. Jumamosi nimeita kikao cha familia. Nitolee hii kwenye karatasi, kubwa. Isafishe vizuri, pasiwe na kitu cha kuwababaisha wazee. Na wewe uwepo."

Akaiacha flashi mezani akaenda zake, na sauti yake haikupanda hata mara moja.

Kesho yake asubuhi alikuja mke. Alikuwa amembeba binti yao mgongoni, mtoto wa miaka miwili, na macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. Orijino alimkaribisha kiti, akakataa kukaa.

"Kaka," alisema, "mimi sikuja kugombana. Ile picha alinionyesha juzi usiku kucha, kabla hajakuletea. Mwanzoni nililia, baadaye nikaanza kuitazama. Hebu ifungue."

Orijino akaifungua. Mwanamke akasogea, akaweka kidole kwenye kioo juu ya ule mkono wa kiunoni, akahesabu kwa sauti ya chini kama anayemfundisha mtoto. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

"Shemeji yangu ana vidole vitano kama wewe," alisema. "Mimi kompyuta sizijui. Lakini mkono huu si wa mtu yeyote. Au nakosea, kaka?"

"Umemwambia mumeo?" Orijino aliuliza.

"Hanisikilizi. Hata mtoto hambebi tena. Anamkimbilia, yeye anaingiza mikono mfukoni. Nitasema Jumamosi mbele ya wote, wahesabu wenyewe. Na wewe fundi ukiwepo utawaeleza kwa nini iko hivyo. Wewe watakuamini."

Alimwamini, maskini. Alitoka akiwa ameinua kichwa kidogo, na mlangoni mtoto akampungia Orijino mkono.

Mtu mwenye haya angemwita arudi. Orijino alijishughulisha na kufuta vumbi la kibodi. Akajiambia kwamba mambo ya ndoa ni ya wenyewe, kwamba huenda walikuwa na lao zamani, kwamba yeye ana duka la kulinda. Hakuna uongo mtamu kama ule mtu anaojiandalia mwenyewe, na Orijino alijinywesha wote. Halafu akageuza kibao cha mlangoni upande wa TUMEFUNGA, akaikuza picha mpaka mkono ukajaa kioo, akakiondoa kidole cha sita.

Alikiondoa kwa ustadi wa kuogofya. Akavuta rangi ya gauni taratibu ikafunika pengo, akarudisha kivuli mahali pake, akanyoosha mshono wa kiuno uliokuwa umepinda. Hakuacha kiporo: akaondoa na kwenye picha jirani ndani ya video, mbele na nyuma, ili hata ikisimamishwa vipi hesabu iwe tano. Alipomaliza alijiegemeza kwenye kiti akaiangalia kazi yake, na aibu iliyoje, akajiona bingwa.

Jumamosi sebule ya muuza vigae ilijaa. Wajomba walikalia makochi, shangazi alipewa kiti cha mbele, mama wa bibi harusi alikalia kigoda karibu na mlango kama mtu anayejua hatakaa sana. Mdogo mtu alikuwa amesimama ukutani, amekunja mikono, haamini anachoitiwa. Picha ikapita mkono kwa mkono. Kila iliyemfikia aliipitisha haraka kwa mwenzake.

"Nilikuwa nashika gauni!" mdogo mtu alifoka. "Shangazi, wewe ndiye uliyeniambia, shika gauni la shemeji yako asije akaanguka!"

"Nilikuambia gauni," shangazi akajibu. "Sikukuambia shingo."

Mtu mmoja akacheka, akakatisha kicheko. Mjomba mkubwa akakohoa, akamgeukia bibi harusi wa zamani, kama ameshakuwa wa zamani tayari. "Una la kusema, mwanangu?"

Mwanamke akasimama. Alikuwa amevaa nguo zake nzuri, kwa kuwa alidhani anakwenda kushinda.

"Nina moja tu, mjomba. Picha hiyo ni ya uongo, nayo inajisema yenyewe. Shangazi, naomba uhesabu vidole vya huo mkono. Kwa sauti, wote wasikie."

Shangazi akavaa miwani. Akaisogeza karatasi dirishani kwenye mwanga, akaanza kugusa kimoja kimoja kwa ukucha. Orijino aliangalia viatu vyake.

"Vitano," shangazi akasema.

"Hesabu tena, shangazi."

"Mwanangu, kuhesabu mpaka tano najua."

Mwanamke akainyakua karatasi. Akaitazama. Akaomba tivii iwashwe, mumewe akaiwasha bila kinyongo, akachomeka flashi iliyorudishwa na fundi, akaisimamisha video pale pale, na pale pale palikuwa na mkono safi wenye vidole vitano, laini, hauna kasoro. Aliukaribia mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Kisha akageuka polepole akamtafuta Orijino kwenye ile halaiki ya watu, na alipompata hakupiga kelele.

"Kaka," alisema. "Nilikuonyesha wewe tu."

Mjomba mkubwa akamkazia macho fundi. "Umeigusa hii picha?"

"Sijaigusa, mzee."

"Ile ya mwanzo ipo?"

"Nilifuta. Kompyuta ilijaa."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika moja kwa moja. Mmoja wa wajomba akasema mwanamke akibanwa huokota hata vidole, wakacheka. Mwingine, kwa sauti ya mtu anayewaza tu, akauliza mtoto naye amefanana na nani. Shangazi akamvuta binti kwa mkono, akamgeuza uso huku na huku, akamchungulia masikio kama anayechagua kitu sokoni. Mtoto akaanza kulia. Mama yake akamchukua, akamfunga mgongoni, na mama yake mzazi akainuka kutoka kwenye kigoda, wakatoka wote watatu. Muuza vigae hakuinuka. Mdogo wake aliambiwa kabla jua halijazama awe ameondoa vitu vyake nyumbani na dukani, asionekane tena.

Orijino alirudi akajaribu kuishi. Alifungua ile video ya zamani, akaitazama ikidunda: shemeji anainama, anashika pindo, anavuka. Kati yao palikuwa na nafasi ya kupitisha meza. Aliitazama mara nyingi mno, na kila mara yule mwanamke alishuka jukwaani akicheka, na kila mara roho ilimuuma zaidi. Mwishowe akaiweka kwenye flashi, akaenda duka la vigae akiwa ameshakubali kuchekwa maisha yake yote.

Alimkuta muuza vigae peke yake. Meza ya mdogo mtu ilikuwa imeshaondolewa, na mahali pake yamepangwa maboksi. Kwenye sakafu kulikuwa na ndoo ya gundi ya vigae iliyotoka kukorogwa.

"Bosi, nimekuja kukiri," Orijino alisema. "Ile picha haikutokea. Ni kompyuta iliyoichora wakati naondoa kudunda. Mkeo hana kosa. Mkono ule ulikuwa na vidole sita, mimi nikakiondoa kimoja. Video ya zamani hii hapa."

Muuza vigae alimtazama kwa upole, karibu kwa huruma.

"Vidole sita," alisema. "Mbona niliviona, fundi. Niliviona kabla sijakuletea."

Orijino akaishusha ile flashi aliyokuwa ameinyoosha.

"Ulidhani nilisema isafishe kwa sababu gani? Mimi nilikuwa natafuta njia mwaka mzima, duka limegawanywa nusu kwa nusu na nyumbani nimechoka. Wewe ukaniletea mwenyewe, halafu ukaipiga pasi." Akaichukua flashi kutoka kwenye vidole vya Orijino, akaitumbukiza kwenye ndoo, akaikandamiza chini kwa mwiko. "Kuna nakala nyingine?"

Ilikuwepo. Ilikuwa dukani ndani ya kompyuta, ile ile, na kwa nakala hiyo mama na mtoto wangeweza kurudishiwa jina lao kabla ya chakula cha mchana. Orijino alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini alijua pia kwamba kikao kizima kilimsikia akisema sijaigusa.

"Ipo dukani," alisema.

"Kaifute."

"Nitaifuta, bosi."

"Vizuri." Muuza vigae akakung'uta mikono, akatabasamu. "Mwezi ujao naoa. Nataka video uchukue wewe, mwanzo mpaka mwisho."

Orijino alifungua mdomo ili akatae. Alijisikia kabisa akikataa, neno alikuwa nalo. Kisha akajisikia akiuliza harusi ni tarehe ngapi, na kama ukumbi una mwanga wa kutosha.