Kadi ya Karanga

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka 2015, theluji ikiwa bado imerundikana kando ya barabara za mtaa wa Okolona, ughaibuni, kama chumvi chafu, Bamurange alimfunga mbwa kamba yake nyekundu, akatia kadi ya bima katikati ya Biblia ili isikunjike, akatembea naye mpaka kwa daktari wa wanyama, nyuma ya duka la matairi. Mbwa alikuwa anakojoa damu tangu Jumapili. Daktari, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alimpima, akampasua, na kesho yake akamrudisha pamoja na kichupa chenye mawe matatu ya figo, madogo kama punje za mtama.

"Haya si mawe ya mbwa," alisema daktari. "Ni ya mtu."

"Ni ya mdogo wangu," alijibu Bamurange. "Anakaa Gahanna, kule Columbus."

Daktari akaandika. Bima ikalipa.

Mbwa huyo aliletwa na msiba. Kwa miaka miwili Bamurange alimtunza bibi mmoja mzungu, Misis Donna: kumwogesha, kumkata kucha, kumpa vidonge vya asubuhi na vya jioni kutoka kwenye kisanduku chenye vyumba saba. Bibi alipofariki, ilionekana kwamba amemwachia mtunzaji wake mbwa, blanketi la mbwa, bakuli la mbwa, na bima ya mbwa iliyokwisha kulipiwa miaka mitano mbele. Jina lake la Kiingereza lilikuwa na maana ya karanga, basi nyumbani wakamwita Karanga.

Gatera, mume wa Bamurange, hakupenda. Kwao Minembwe, kwenye milima ya wafugaji, mbwa hulala nje na ng'ombe.

"Mama Enoki, mbwa ndani ya nyumba? Watu ya kanisa watasema nini?"

"Watasema iko na kadi. Wewe uko nayo?"

Gatera hakuwa nayo. Kadi yao ya matibabu ya serikali ilikoma pale wote wawili walipopata kazi, na kampuni iliyomtafutia Gatera kazi ghalani haikuwapa kadi vibarua wake.

Jambo lenyewe lilianza Hadassa, mdogo wake Bamurange, alipokuja kwa harusi ya kanisani. Alifika amejikunja, ameshika ubavu, jasho linamtoka. Karanga alipanda kwenye kiti, akaweka kichwa chake juu ya ubavu ule, akakaa hivyo saa nzima bila kupepesa jicho. Hadassa akanyooka. Akaomba ugali.

"Bon, amechukua," alisema, huku ananawa mikono. "Aksanti, yaya," alimwambia dada yake mkubwa.

Mbwa akaenda nje kukojoa, na ilikuwa damu.

Baada ya Hadassa akaja kaka yao Ruhimbika kutoka North Buffalo. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuku wa barafu, na baridi ilikuwa imemkalia kifuani. Alisafiri kwa basi siku nzima, akikohoa hadi abiria wa jirani wakahama viti. Alipoondoka alikuwa anapumua kama mtoto mchanga. Karanga alikohoa wiki tatu, akapewa dawa ya maji yenye ladha ya nyama, na bima ikalipa. Kwa adabu, Ruhimbika alimwachia soksi zake za sufu.

Lilibaki goti la Gatera. Ndani ya goti hilo mlikuwa na risasi iliyoingia mwaka 1998, siku walipoteremsha ng'ombe kutoka mlimani wakikimbia vita. Ghalani Gatera alitakiwa atembee kati ya rafu zamu nzima, na msimamizi alikuwa amemwambia kwamba mwezi wa nne ukiisha na bado anachechemea na fimbo, asirudi. Hata hivyo hakutaka kumkaribia mbwa.

"Hii goti imetoka mbali na mimi," alisema. "Siwezi kumupa mnyama."

Bamurange hakubishana naye. Alichukua blanketi la Karanga, akalitandika chini ya kiti cha mumewe, akaendelea kuchambua maharagwe. Siku nne zikapita. Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Gatera alisinzia, na mbwa akaweka kidevu chake juu ya goti lile. Jumapili Gatera alikwenda kanisani bila fimbo. Mzee wa kanisa alimsogezea kiti cha mbele, akaongea naye habari za mvua. Karanga alibaki nyumbani, akizunguka kwa miguu mitatu.

Daktari alipiga picha ya mguu. Risasi ilionekana wazi, nyeupe, ikiwa imelala kama mbegu ya boga.

"Iko karibu na mshipa," alisema. "Isipotolewa mwezi huu, nitaukata mguu. Upasuaji huu ni mkubwa, lazima bima ikubali kwanza."

Siku ya tatu bima ikapiga simu. Alikuwepo mwanamke wa bima, na kati yake na Bamurange alikuwepo mkalimani, Mrundi aitwaye Sylveri, mwenye Kiswahili kilichonyooka.

"Mama, wanauliza: mguu wa mbwa ulianza kuumwa lini?"

Sasa, baba yake Bamurange alikuwa mtu wa ng'ombe. Alimfundisha kwamba ukimpa mtu ng'ombe, unasimama mbele ya mashahidi ukataja mama yake, bibi yake, na vilema vyake vyote: huyu hupiga teke, huyu chuchu moja imekufa. Anayeficha kilema cha mnyama, maziwa yake hayaaminiki tena. Bamurange alisimama jikoni, akajifunga kitenge vizuri, akataja. Alitaja mawe ya Hadassa na kifua cha Ruhimbika. Alitaja mlima, mwaka, na upande risasi ilikotokea.

"Mama," alisema Sylveri kwa sauti ya chini, "jibu fupi linatosha. Nikutafsirie hivyo hivyo?"

"Tafsiri yote, mwanangu. Usiruke neno."

Sylveri alitafsiri yote. Mwanamke wa bima alishukuru.

Baada ya wiki moja simu ikaita tena, watu wale wale.

"Wamekataa, mama. Wanasema ugonjwa huu ulikuwepo kabla ya bima."

"Ni kweli. Ulikuwepo hata kabla ya mbwa."

"Mama, ungesema tu mwezi wa nne."

"Ningesema mwezi wa nne, ule mwaka ungekwenda wapi?"

Sylveri akatafsiri hilo pia. Simu ikakatwa.

Gatera alikuwa amesikia yote kutoka sebuleni. Alimaliza chai yake, akakiinamisha kikombe kuona kama sukari imebaki. Kisha akapiga paja.

"Karanga, kuja. Leta kitu yangu."

Mbwa hakutaka. Alijificha nyuma ya miguu ya Bamurange, mkia chini.

"Baba Enoki, kazi?" aliuliza Bamurange.

"Donc mnyama akatwe mguu kwa vita yangu? Hapana. Mulete."

Bamurange alimbeba mwenyewe, akamweka mapajani kwa mumewe. Jua la alasiri lilikuwa limefika kwenye zulia. Lilipotoka kwenye zulia, Karanga aliruka chini kwa miguu yote minne, akaenda mlangoni kudai kutoka. Gatera aliomba fimbo. Ilikuwa nyuma ya friji. Bamurange hakuwa ameitupa.

Mwezi wa nne uliisha na ghalani wakamwambia asirudi. Wiki hiyo hiyo ilifika barua ya bima, yenye picha ya unyayo wa mbwa, ikimpongeza Karanga kwa kupona na kumtumia kadi mpya. Bamurange aliitia kwenye Biblia, palepale pa zamani.

Jumamosi Hadassa akapiga simu kutoka Gahanna.

"Yaya, Karanga hajambo?"

"Mzima. Anakula, anakimbia."

"Mungu asifiwe. Na watu?"

Bamurange alimtazama mumewe, aliyekaa dirishani ameunyoosha mguu juu ya kigoda, kwenye blanketi la mbwa.

"Watu tupo," alisema.