Pazia la Katungu

Asubuhi, katika depo ya kahawa ya Paulin pale Beni, Katungu alikuwa anachambua kahawa na bamama wenzake, akitupa punje nyeusi pembeni. Siku hiyo nyeusi zilizidi. Zilidondoka kutoka jicho lake la kushoto, zikaingia katika ungo, naye akazitoa kama zingine. Mtu wa kahawa akiona cheusi anakitoa tu, haulizi kimetoka wapi.

Kabla ya mchana, jicho likaanza kupiga radi, nyeupe, bila kelele. Umeme ulikuwa umekatika, na mwanga ule ulifika mpaka magunia ya nyuma. Paulin akazima jenereta.

— Mama Katungu, kaa hapa katikati, batu bote baone.

Kesho yake pazia likashuka. Lilikuwa jeusi, zito, upande wa kushoto, na bamama wenye kupita na magunia waliliinua kwa mkono, wakisema pardon.

Joyeuse, jirani yake wa kazi aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, alilijua. Kwao Kyavinyonge lilimshukia baba yake, nao wakangoja limuume ndiyo wamtafutie daktari. Halikuuma, na mpaka leo halijapanda.

— Yaya, inauma?

— Hapana, haiume hata kidogo. Tumalize kwanza hii gunia.

— Baba naye alisema vile. Nyeusi-nyeusi, radi, kisha pazia: jicho inaenda. Tutoke leo, hapana kesho.

Katungu akaogopa sana. Paulin aliuliza nani sasa atamulika depo. Wao wakapanda pikipiki kwenda Butembo. Kwenye bariere ya barabarani askari aliinua pazia, akatazama kama limeficha bidhaa, akawapitisha.

Daktari wa macho alikuta utando wa nyuma ya jicho umebanduka, akaurudisha mahali pake siku ileile. Alisema wangechelewa kidogo tu, asingekuta cha kuokoa. Bandeji ilipotoka, Katungu aliona uso wa Joyeuse mzima, kushoto na kulia, akalia kwa furaha.

Aliporudi kazini, jenereta ilikuwa bado imezimwa. Katikati ya depo aliketi Berthe, mchambuzi mpya, jicho lake la kulia likipiga radi vizuri. Katungu hata hakukaa.

— Berthe, vaa viatu. Twende.

— Lakini haiume, yaya.

— Najua.

Paulin akaanza kuchungulia macho ya waliobaki, mmoja mmoja. Pikipiki ilikuwa imeshaondoka, na pazia la Berthe lilikuwa bado halijashuka.