Kikombe cha Nasiri

Kila Zaituni alipomkorogea mumewe Nasiri unga wa lishe aliopewa na daktari, alimsikia dada yake Hadija akiita kutoka chumba cha nyuma: "Nipe na mimi." Hadija alikuwa amefariki mwaka uliopita kwa saratani ya utumbo mpana. Aliacha dawa za hospitali akategemea virutubisho vya chupa, akiamini vitamponya, na Zaituni ndiye aliyekuwa akimnywesha. Sasa Nasiri, mvuvi wa Rumonge kando ya Ziwa Tanganyika, alikuwa na ugonjwa uleule.

Jioni moja Zaituni aliposikia sauti hiyo aligeuka ghafla, kikombe kikamwagika.

"Unamsikia tena?" Nasiri aliuliza.

"Namsikia. Naogopa nitakuua na wewe."

"Huu ni chakula tu, mke wangu, niweze kuzistahimili dawa. Dawa zenyewe ziko Bujumbura, na kesho tunaenda."

Zaituni akamkorogea kikombe kingine, naye akanywa taratibu mpaka mwisho. Asubuhi wakapanda basi.

Nasiri alimaliza matibabu, akanenepa kidogo, akarudi ziwani. Hadija hakunyamaza. Zaituni alizoea kumjibu kwa sauti ya chini, "Nakusikia, dada," kisha kuendelea kupika.