Dirisha la Upande wa Upepo

Noel alitaka dirisha ambalo mtu akipita barabara ya Kiomboi atageuza shingo mpaka imuume. Futi sita kwa tano, fremu ya aluminiamu nyeupe, kioo cha kusukuma kwa kidole kimoja. Alichora umbo lake kwa mkaa kwenye ukuta wa mashariki, unaotazama barabara, akarudi nyuma hatua kumi, akalitazama na kucheka peke yake.

Nyumba ilikuwa ya marehemu babu yake, hapa Kinampanda, na ukoo ulikuwa umempa muda mpaka mwisho wa Julai. Akiikarabati ikapata mnunuzi, fungu lake litamfungulia karakana yake mwenyewe. Akishindwa, binamu yake Leonard ataigeuza ghala la alizeti. Na mnunuzi alikuwa anakuja leo: Rukaiya, nesi aliyehamishiwa zahanati ya jirani.

"Babu alikuwa bahili wa mwanga," alimwambia dada yake Leah, aliyekuwa akimalizia kupaka rangi sebuleni. "Tazama tundu hili. Futi mbili. Hata kuku angeomba lipanuliwe."

"Kuku hakujenga nyumba. Babu alijenga."

"Alijenga, na mimi nauza."

Akaung'oa ubao wa lile dirisha la zamani ili apime unene wa ukuta, akauegemeza nje.

Rukaiya alifika saa nane, amejifunga ushungi wa buluu. Noel hakumpa hata nafasi ya kuketi. Alimsimamisha mbele ya mchoro na kumweleza jinsi jua la asubuhi litakavyomwamsha, jinsi majirani watakavyomwonea wivu. Maneno yalimtoka kama maharage kwenye gunia lililotoboka. Alikuwa bado katikati wakati Bibi Severina wa nyumba ya pili alipoingia uwanjani na turubai, ungo na mtama aliokwisha kuupura.

"Shikamoo, bibi," wakasema wote wawili.

"Marahaba, wajukuu zangu. Endeleeni tu."

Akatandika turubai mbele ya nyumba kama afanyavyo kila mavuno, akainua ungo juu ya kichwa, akaumimina mtama taratibu.

Upepo wa Julai haukusubiri kuitwa mara ya pili. Nafaka ilianguka chini, makapi yakapanda, yakajikunja, yakaingia yote kwenye lile tundu. Ndani Leah akapiga chafya, kisha akaliita jina la kaka yake. Walipokimbilia sebuleni walikuta ukuta wenye rangi mbichi umeota manyoya.

Damu ilimpanda Noel. Akatoka nje.

"Bibi, huoni nina mgeni? Kijiji kizima hiki umekosa pengine?"

"Nipepetee wapi? Kule nyuma, ambako hata moshi hausogei?" Bibi Severina hakushusha ungo. "Mimi na bibi yako tumepepetea hapa tangu ujana wetu, na ubao wa babu yako umefungwa. Aliyeung'oa ni wewe, mtu wa mjini."

Rukaiya alikuwa akijipangusa ushungi huku akicheka. "Fundi, tundu la futi mbili limetufanyia hivi. La futi sita je? Si nitakula ugali na kumvi zake?"

Noel alikuwa na majibu matatu, yote makali. Kisha akautazama mchoro wake. Alikuwa amelichora dirisha kwa ajili ya mpita njia, na mpita njia hatalala humu.

Akaokota mkaa, akaizunguka nyumba kwa hatua ndefu, wanawake wakimfuata. Ukuta wa magharibi haukuwa na tundu lolote. Hapo hewa ilikuwa imetulia, na ardhi ilishuka kuelekea bondeni, kati ya miamba na mashamba yaliyovunwa. Moyo ulimwenda mbio kama wa mtu aliyekumbuka mahali alipoficha kitu. Akachora upya.

"La futi sita linakaa hapa. Mashariki tunaacha tundu la babu, tunalitia kioo kisichofunguka. Mwanga uingie, makapi yabaki na bibi."

 Rukaiya alipitisha mkono kwenye mstari wa chini, na Noel akaona nyumba hii ikijaa magunia ya Leonard.

"Umeuweka juu mno," Rukaiya alisema mwishowe. "Mama yangu miguu haimbebi, anashinda kwenye kiti. Nataka aone bonde akiwa amekaa."

"Nishushe mpaka wapi?"

Rukaiya akageuza ndoo tupu ya rangi, akaikalia, akanyoosha shingo. "Hapa, usawa wa macho yangu. Na usogeze kulia, pembe ile ni ya kitanda chake."

Noel aliufuta mstari kwa kiganja.

"Leah," aliita, "lete tepu haraka. Mwenye nyumba anapanga vitanda."