Mbegu za Muzee na Unga Mweupe

Siku ya nne Emerance hakungoja hata chai. Aliruka kitandani, akaenda moja kwa moja kwenye sahani tatu alizozipanga dirishani, akafunua kitambaa chenye unyevu cha ile ya kwanza. Maharage kumi yalikuwa yamepasuka, ndiyo, lakini mizizi ilikuwa imekoma kwenye urefu wa punje ya mchele, tena imegeuka kahawia nchani. Alikuwa mwalimu wa biolojia kwenye shule moja ya mtaa wa Katoyi, na miaka yote hiyo mambo haya alikuwa akiyafundisha kwa chaki tu. Leo yalikuwa mbele ya macho yake.

Maharage yenyewe yalikuwa ya baba yake, muzee Ntirenganya, mkulima wa Kibati, mtu ambaye ukimwambia mvua inanyesha atatoka nje kwanza ahakikishe. Usiku ule volkano ilipolipuka, mwaka 2021, aliacha godoro na redio, akajitwika gunia la mbegu. Lava ikala nyumba na nusu ya shamba. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, waasi walipokaribia, akakimbia tena na mkewe, Mukakalisa, wakafikia kwa Emerance, binti yao, mjini Goma. Wakivuna, alijaza gunia lile lile; wakikimbia, alilibeba lile lile. Sasa ni Septemba, bunduki zimenyamaza, majirani wanarudi kulima, na mbegu zote alizokuwa nazo duniani zilikuwa humo.

Kwao mbegu huhifadhiwa kwa majivu. Unamimina bakuli juu ya bakuli mpaka maharage yageuke kijivu, na mdudu hapati pa kuuma. Safari hii mchuuzi alimuuzia muzee unga mweupe wa zinki, dawa ya kuhifadhi mbegu, uliosagwa kwa mashine mpaka chembe zake hazionekani hata kwa hadubini. Pakiti ilisema kijiko kimoja kwa gunia zima. Muzee aliona kijiko kimoja ni uchoyo, akatia bakuli nne, kama majivu. Emerance alipoisoma pakiti ile alishtuka, kwa maana chembe ndogo namna hiyo, zikizidi, hung'ang'ania mzizi mchanga na kuutia sumu kabla haujajua udongo ni nini.

Akafunua sahani ya pili. Haya yalikuwa maharage ya shamba lile lile ambayo mama yake aliyatenga ya kupika, hayakuguswa na unga. Yote kumi yalikuwa na mizizi mirefu, myeupe. Ya tatu aliiogopa, maana hayo yalitoka gunia lenye sumu, kama yale ya kwanza, ila alikuwa ameyaosha kwa maji ya ndimu na kuyasuuza mara tatu. Alifunua polepole, akahesabu, akahesabu tena. Manane yalikuwa yameota. Akacheka peke yake, akapiga makofi, akakimbilia uani alikokuwa baba yake.

“Papa, kuya uone.”

Muzee alizitazama sahani kwa muda. “Ni baridi ya hapa njo imezuia hizi kuota.”

“Zote zililala ku dirisha moja, papa. Hizi ziko na dawa, zimekufa. Hizi hazina dawa, zimeota. Na hizi za dawa nimeziosha, zimepata huit sur dix, nane kwa kumi.”

Muzee akaokota harage moja la sahani ya kwanza, akaligeuza kwenye kiganja chake kigumu. Lile lililonusurika lava na waasi.

“Basi ni mimi njo niliziua,” akasema.

“Bado. Tunaosha gunia yote leo.” Furaha ilikuwa imempanda Emerance, alishaanza kutafuta beseni kwa macho.

Mukakalisa, aliyekuwa akichambua mboga, ndiye aliyemkatiza. “Maharagi ikisha lowa hairudi mu gunia, mwanangu. Ni kupanda kesho ao kutupa. Na wale waasi bado wako kule juu. Wakishuka kesho?”

Katika hesabu zake zote hilo halikumjia Emerance. Zikibaki kavu, wanaweza kukimbia nazo popote, lakini ni mbegu zilizokufa. Zikioshwa zitakuwa hai, ila hazitangoja amani. Alijiona mjinga.

“Tukizingojesha,” muzee akauliza, “ile dawa itatoka yenyewe?”

“Hapana, papa. Mvua ya kwanza itaiingiza ku mizizi.”

Muzee akapiga moyo konde. Aliliburura gunia hadi katikati ya ua, akakata kamba kwa meno, akamimina mbegu zote ndani ya beseni kubwa la kufulia, bila kubakiza hata moja. Vumbi jeupe likapanda, Emerance akamvuta mama yake pembeni.

“Leta ndimu,” muzee akasema. “Vita ikirudi, itatukuta tumeisha panda.”