Wagika na Wagalu Uwanjani

Nina hasira za karibu, na bora niliseme mwenyewe kabla wengine hawajanisemea. Mwaka 1954 nilikuwa mwalimu wa hesabu na mpira katika shule moja ya kati, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Shinyanga mjini. Vijana wangu walikuwa na mbio na nguvu, na walicheza peku kwenye uwanja wenye miiba bila kulalamika. Tatizo lao nililijua, kwa sababu lilikuwa langu pia.

Kwetu Usukumani kila mtu huzaliwa upande mmoja wa ngoma, ama Mgika ama Mgalu, kama baba yake. Baada ya mavuno pande hizo hushindana kucheza, uso kwa uso, kutwa nzima, na mshindi ni aliyevuta watazamaji wengi. Kila upande una dawa zake. Anayeshindwa hasemi amecheza vibaya, husema amerogwa. Mimi, Valerian, mtu wa shule na kanisa, ni Mgalu kwa baba, na nilijiona nimeshayavuka hayo.

Nikajifanya mjanja. Niliwapanga Wagalu kulia na Wagika kushoto, nikidhani ushindani utawanoa. Walipokuja vijana wa Kahama na lori lao, wangu wakacheza ngoma. Kila aliyepata mpira aliupeleka pembeni kwa watu wake, akaupiga danadana, akazunguka nao, na watazamaji wakawa wanahama upande huu kwenda ule wakishangilia. Goli la Kahama hakuna aliyelikumbuka. Tulifungwa manne.

Ilinipasa kuwaeleza kosa langu. Badala yake nilisimama mbele yao nikasema kwa hasira, "Nyie wa kulia leo mmefungwa miguu kwa dawa. Na aliyewafunga hayuko mbali."

Kesho yake Wagalu walikataa kula sinia moja na Wagika. Keshokutwa walipigana, na Jilala, mshambuliaji wangu wa kulia, akapoteza jino. Mwalimu mkuu aliwauliza walichogombania, na hakuna aliyenitaja. Akatoa hukumu: marudiano na Kahama yatakuwa mwezi ujao, na ugomvi ukitokea tena, timu inavunjwa na uwanja unapandwa pamba. Niliona aibu, lakini nilinyamaza.

Mvua za kwanza zilipoanza, tuliwapeleka kulima shamba la shule. Sisi tunalima kwa ngoma. Watu hukaa mstari mmoja, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo, na mstari haumwachi mtu nyuma. Niliwachanganya, Mgika, Mgalu, Mgika, Mgalu, kisha nikasimama pembeni nikiwafokea. Stanslaus, nahodha wetu, Mgika mpole mwenye mabega mapana, akanijia na jembe mkononi.

"Samahani, Mwalimu. Nafasi yako ni hii hapa, kati yangu na Jilala."

Nikaingia. Nilikuwa sijalima miaka kumi, na mikono ikatoka malengelenge upesi. Nilipoanza kubaki nyuma, mpiga ngoma akapunguza mdundo, na mstari mzima ukapunguza nao, wala hakuna aliyenicheka. Tulipofika mwisho wa shamba nikawaambia, "Lile neno langu lilikuwa la hasira tu. Hakuna aliyefungwa miguu. Mlicheza vibaya kwa sababu niliwapanga vibaya."

"Tumesikia, Mwalimu," akasema Stanslaus, na wote wakarudi kwenye mstari.

Siku ya marudiano Kahama walitangulia kwa bao moja. Wakati wa mapumziko mguu wa Jilala ulikakamaa. Stanslaus akapiga magoti akamkanda, mbele ya uwanja mzima. Kipindi cha pili mpira ulitembea kulia kwenda kushoto na kurudi, hata watazamaji wakashindwa kujua wamfuate nani. Dakika za mwisho tukapata penalti. Jilala akapiga, mpira ukaota mbawa, tukafungwa moja bila.

Filimbi ilipolia, baba yake Jilala, Mzee Mageni, kiongozi wa ngoma ya Wagalu, aliingia uwanjani na fimbo yake. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama karibu nami.

"Shikamoo, Baba Jilala," nikasema.

Hakuitikia. Alimnyooshea fimbo Stanslaus. "Nyanda huyu, kijana wa Kigika, kaushika mguu wa mwanangu. Nimeona kwa macho yangu."

"Baba, alinikanda," akasema Jilala akitazama chini. "Penalti nimekosa mwenyewe. Niliegemea nyuma wakati wa kupiga."

Mtoto wa kiongozi wa ngoma kusema hivyo mbele ya watu si jambo dogo. Nilimwonea fahari. Mzee akanigeukia mimi.

"Mwalimu, wewe ni mtoto wetu. Si wewe uliyewaambia siku ile kwamba wamefungwa miguu? Kama ni kweli, namwondoa mwanangu leo, na Wagalu wote watamfuata. Kama si kweli, sema hapa hapa."

Mwalimu mkuu akanikazia macho. Mwezi mzima vijana walikuwa wamenitunzia siri mbele yake, nami ningeweza kusema sikumbuki.

"Nilisema, Baba Jilala. Ulikuwa uongo wa hasira, na ndio uliomtoa jino mwanao."

Mzee akashusha fimbo. "Nyanda, kavae shati," akamwambia mwanawe. "Utashikwa na baridi."

Jumatatu niliitwa ofisini. Timu ilibaki. Mimi niliondolewa, na mpira ukakabidhiwa mwalimu mwingine.

Jumamosi iliyofuata nilikaa pembeni pamoja na wazazi. Vijana walinipita wakipasha misuli, wote kumi na mmoja katika kundi moja. Wakaniamkia, wakaendelea na mbio zao, na hakuna aliyesimama kuniuliza la kufanya. Iliniuma sana, na nilifurahi.