Fundo la Nyuma

Kila asubuhi, kabla benchi la uani halijajaa, Mama Kamba alifunga mafaili. Aliyatoa kwenye rafu kwa kufuata orodha ya siku, akayapanga mezani, kisha akachukua vipande vya kamba ya pamba alivyovikata kwa kipimo cha mkono wake mwenyewe, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mizunguko miwili, fundo mbele, juu ya namba. Mizunguko miwili, fundo mbele. Vidole vilijiendea vyenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na sita katika chumba hicho cha kliniki ya akina mama na watoto, na wenzake walimwita kwa kamba zake kwa kuwa mtoto wa kumwitia hawakumjua.

Faili namba kumi na saba alilifunga taratibu zaidi. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyoletwa jana kutoka wodini. Aliisoma mara moja, akaifunika, akaligeuza faili na kukaza fundo upande wa nyuma.

Maana ya fundo hilo haikuandikwa popote. Muuguzi akilikuta faili limefungwa nyuma, haiti namba hiyo kwa sauti. Anatoka mwenyewe, anamfuata mama wa watu pale alipokaa, anamshika mkono na kumpeleka chumba cha pembeni, mbali na mzani na vichanga vya wenzake. Muuguzi mmoja alimwachia mwenzake desturi hiyo, naye akamwachia mwingine.

Mama Kamba alikuwa bado ameshika ncha za kamba mlango ulipogongwa.

"Shikamoo mama." Alikuwa msichana mwembamba aliyekumbatia kompyuta mpakato kifuani kama mtu aliyeficha kitu. "Mimi ndiye niliyetumwa na watu wa kompyuta. Naomba nikae nawe, nione unavyofanya kazi."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Ila hicho kiti mguu mmoja ni mgonjwa, kiegemee kulia."

Msichana aliegemea kulia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mafaili yote yangehamia kwenye kompyuta, na kwamba kabla mafundi hawajaanza kutengeneza, yeye alipaswa kuwauliza wenye kazi wanahitaji nini. "Nisichokiandika mimi, mama, kompyuta haitakijua."

"Basi andika tunataka panya wahame."

Msichana akacheka, akaziba mdomo. "Panya sitawaweza. Niambie mengine. Anza pale unapofungua mlango."

Mama Kamba akaeleza: orodha, rafu, kadi zilizopotea, mama wawili wenye majina yanayofanana. Msichana aliandika kila neno. Halafu macho yake yakatua kwenye faili la kumi na saba.

"Hili fundo lake liko nyuma. Lina maana?"

Swali hilo lilikuwa rahisi kulijibu. Lakini baada ya jibu hilo lingekuja swali jingine, na baada ya hilo jingine, mpaka wafike pale ambapo Mama Kamba hakuwa amemfikisha mtu yeyote.

"Halina," alisema. "Mkono uliteleza."

Msichana, ambaye tangu aingie alikuwa akitafuta namna ya kusaidia, alilivuta faili, akafungua kamba na kuifunga upya, mizunguko miwili, fundo mbele. "Nimepatia?"

"Umepatia."

Mhudumu akaingia wakati huohuo, akabeba rundo zima na kutoka nalo. Mama Kamba aliinua mkono. Msichana akamuuliza mafaili ya siku huwa mangapi. Akajibu arobaini, wakati mwingine hamsini, akijiambia kwamba akimaliza tu jibu hilo atamkimbilia mhudumu.

Alikuwa bado anajibu, sauti ya muuguzi ilipopita dirishani.

"Namba kumi na saba, mlete mtoto kwenye mzani."

Hakuna aliyeinuka.

"Kumi na saba. Aliyelala ni mtoto au ni mama? Mlete tumwone alivyonenepa."

Wawili watatu walicheka benchini, kicheko cha kawaida cha watu wanaosubiri. Mama Kamba alipofika dirishani, mwanamke mmoja alikuwa amesimama katikati ya ua, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili, akiangalia uso mmoja baada ya mwingine kama anayetafuta mtu wa kumsemea. Kicheko kikakatika chenyewe.

Mama Kamba alitoka, akamshika mkono, akamwingiza chumba cha pembeni. Hakumwambia pole. Alikaa naye tu, bega kwa bega, mpaka pumzi zake zilipotulia.

Aliporudi, muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu. "Mama Kamba, fundo lilikuwa mbele. Na mimi nikafanya utani. Nikamfanyia mtu utani."

"Mkono uliteleza."

"Mkono wako wewe?" Muuguzi alimtazama, akatikisa kichwa, akaondoka.

Msichana alikuwa bado kwenye kiti kibovu. Amesahau kuegemea kulia, na kiti kilikuwa kimeinama naye. "Mama," alisema, "mkono ulioteleza ni wangu."

Mama Kamba alianza kupanga kadi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Siku ya Alhamisi msichana alirudi na karatasi zenye jedwali: kinachohitajika, aliyeomba, sababu. Mstari wa thelathini na moja ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu.

"Sista amenieleza kazi ya fundo, nikaliandika," alisema. "Daktari mkuu amelikata. Anasema kila kinachoingia lazima kiwe na mtu aliyekiomba na sababu yake. Kesho anasaini, na akishasaini hakiongezeki kitu. Mwezi ujao namba zitaitwa na kipaza sauti ukutani, zote, kwa mpangilio. Mashine haitamruka mtu."

"Si aombe sista."

"Anasema yeye alilikuta. Sababu haijui. Wanasema wewe ndiye uliyelianza."

"Ni zamani hizo. Nimesahau."

Msichana hakubisha. Aliichukua karatasi na kusema, karibu kwa kunong'ona, "Basi mstari nitauacha wazi. Sitaufuta."

Jioni ile mume wake alikuwa nyuma ya nyumba akipiga msasa mguu wa meza. Alikuwa seremala wa maneno machache, na wakati wa kazi maneno hayo machache aliyapunguza zaidi. Mama Kamba alimwekea chai, akakaa juu ya gogo, akamsimulia habari ya kipaza sauti. Ya mwanamke wa mkoba hakuyasimulia.

"Umewaambia?" mume aliuliza.

"Niwaambie nini?"

"La fundo."

Hakuwahi kumwambia habari za fundo. Alimkazia macho. Mume aliupuliza unga wa mbao, akapitisha kidole mahali palipolainika.

"Mke wangu, nimelala juu ya lile furushi miaka ishirini na nane. Kila tukihama nyumba nalibeba mimi. Sijui fundo lake liko upande gani?"

Furushi lilikuwa chini ya kitanda chao. Ndani mlikuwa na shuka moja, kofia, na vijigauni viwili ambavyo kimoja hakikuwahi kuvaliwa. Alilifunga kwa nyuma siku ileile alipovikunja, ili akiinama kufagia asilione fundo na kushawishika kulifungua. Tangu hapo hawakulitaja, yeye wala mume. Alidhani mume amesahau, na mume, kumbe, alikuwa akimwachia nafasi.

"Chai inapoa," alimwambia.

Ijumaa walikaa wanne katika ofisi ya daktari mkuu. Msichana alisoma jedwali mstari kwa mstari, na daktari, mtu mwema mwenye haraka, alitikisa kichwa kukubali huku kalamu iko mkononi. Walipofika thelathini na moja, msichana akauwekea mstari kidole.

"Huo si tuliukata?" daktari aliuliza.

"Niliuacha wazi." Msichana hakuiachia karatasi. "Naomba tusubiri kidogo."

Daktari alitazama saa, kisha akamgeukia Mama Kamba kwa tabasamu, apate kupunguza uzito wa chumba. "Ndiyo hivyo, kamba zinatuaga. Sijui mwezi ujao tutakuita mama nani."

Muuguzi aliinamisha uso. Mama Kamba aliweka mikono yake mezani, yote miwili, viganja chini.

"Kwenye aliyeomba, niandike mimi," alimwambia msichana.

Msichana akaandika. "Na sababu?"

"Nilizaa mtoto wa kike. Aliishi siku kumi na moja." Alikuwa akizungumza na karatasi, si na watu. "Kadi ilikuwa na tarehe ya kurudi, nikarudi. Sikujua kwingine pa kwenda. Nikaitwa nimlete kwenye mzani. Nikasimama. Benchi zima linaniangalia, na mimi sina mdomo wa kusema hayupo. Nilipopata kazi hapa nikaanza kufunga nyuma."

Daktari aliilaza kalamu.

"Siku ile mwanangu uliponiuliza, nilikudanganya," Mama Kamba aliendelea, na sasa alimtazama msichana usoni. "Mkono haukuteleza. Fundo la nyuma maana yake ni hii, na uiandike kama ninavyoisema: huyu usimwite. Inuka, umfuate."